Kanisa la Garmerwolde: matofali ya kuchoma yamesimamaje miaka 750 juu ya udongo laini?

Swali la msomaji: "Mtaalamu, shikamoo. Kwetu ni Njombe, ila kwa sasa nasoma Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Jumapili moja nilikwenda kwa baiskeli hadi kijiji cha Garmerwolde nikakuta kanisa la matofali ya kuchoma la karne ya 13. Kijiji ni kidogo, kanisa limejengwa kwa fahari, na mnara wake umesimama peke yake kwenye nyasi. Nyumbani tunafyatua matofali kila kiangazi, na ukuta ukifika miaka 50 tunashukuru. Wale walifanyaje? Nani alilipa gharama zote zile? Na kwa nini mnara uko mbali na kanisa?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni matatu, lakini yote yanarudi kwenye udongo wa pale uliposimama. Ndio uliotoa matofali, ndio uliowatajirisha waliolipa, na ndio unaowahangaisha mafundi hadi leo. Kwa hiyo nianze nao.

Kutoka mji wa Groningen kwenda kaskazini hadi Bahari ya Wadden hakuna mwamba hata mmoja. Ukichimba unakutana na udongo mzito wa mfinyanzi ulioletwa na maji ya bahari, na sehemu nyingine unakuta kinamasi cha mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini kwa karne nyingi. Kabla watu hawajajua kujenga matuta marefu ya kuzuia bahari, walikaa juu ya vilima walivyovirundika kwa mikono yao, kwa udongo, samadi na taka za nyumbani. Kazi hiyo ilianza karne kadhaa kabla ya Kristo. Wenyeji huviita vilima hivyo wierde. Kule Ezinge, mwanaakiolojia A.E. van Giffen alikichimba kimoja kuanzia miaka ya 1920, akakuta nyumba juu ya nyumba, kila kizazi kimejenga juu ya mabaki ya kilichotangulia. Vijiji kama Ezinge na Krewerd bado vimekaa juu ya vilima vyao. Garmerwolde iko upande wa pili wa habari hii, kwenye ardhi ya kinamasi iliyokaushwa na kulimwa katika Zama za Kati.

Ukristo ulikita mizizi huko mwishoni mwa karne ya 8, na mhubiri anayekumbukwa zaidi ni Liudger, ambaye baadaye akawa askofu wa kwanza wa Münster, katika Ujerumani ya leo. Kwa sababu hiyo vijiji vingi vya eneo lile vilikuwa chini ya jimbo la Münster hadi karne ya 16, ingawa mji wa Groningen wenyewe ulikuwa chini ya Utrecht. Weka jambo hili akilini, kwa sababu utaliona tena ukitazama dari.

Makanisa ya kwanza yalikuwa ya mbao. Kisha, katika karne ya 11 na ya 12, vijiji vyenye uwezo vilianza kuagiza mawe ya tufa, yale mawe mepesi ya majivu ya volkano, kutoka milima ya Eifel. Yalishuka kwa mashua Mto Rhine, yakazunguka kwa njia za maji hadi kaskazini. Ukienda Leermens utaona bado ukuta wenye mawe hayo, ya rangi ya kijivu. Hebu fikiria gharama: kila jiwe limesafiri mamia ya kilomita, na bei yake iko mikononi mwa wafanyabiashara wa mbali. Watu waliokuwa wamekalia udongo usio na mwisho walikuwa wananunua mawe.

Hapo ndipo tofali lilipobadilisha kila kitu. Warumi walikuwa wakichoma matofali zamani, lakini baada ya dola yao kuanguka kazi hiyo ilipotea kaskazini mwa Ulaya kwa karne nyingi. Ilirudi katika nusu ya pili ya karne ya 12, na walioieneza katika nchi za pwani hii ni watawa, hasa Wasisterisi na Wapremonstratensi. Monasteri ya Aduard, karibu kabisa na mji wa Groningen, ilianzishwa mwaka 1192 na Wasisterisi waliotoka Klaarkamp katika Friesland. Watawa walikuwa na ardhi, nguvu kazi na ndugu zao katika nchi nyingine waliojua ufundi. Haikuchukua muda, vijiji vikaanza kuchoma vyake. Hadi leo Waholanzi huyaita matofali yale makubwa matofali ya monasteri, hata yale yaliyochomwa na wakulima wa kawaida.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana wewe umekulia kwenye matofali na utaielewa kuliko wengi. Udongo ulichimbwa majira ya kupukutika majani na kuachwa nje msimu wote wa baridi. Barafu iliingia ndani ya mabonge na kuyapasua, na mvua ikasafisha chumvi. Majira ya kuchipua udongo ulikandwa, ukafyatuliwa kwa kalibu ya mbao, na matofali yakaanikwa kwa wiki kadhaa. Kalibu ilitengenezwa kubwa kuliko tofali linalotakiwa, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi hunywea ukikauka na hunywea tena ukichomwa. Kisha yakapangwa kuwa tanuri na kuchomwa kwa mboji iliyokaushwa, ambayo katika nchi ile yenye miti michache ndiyo ilikuwa kuni yao. Mboji huwaka polepole na kwa muda mrefu, na moto wa namna hiyo unafaa sana kwa matofali manene, kwa sababu joto linapata muda wa kuingia hadi katikati ya tofali.

Na yalikuwa manene kweli. Tofali la karne ya 13 katika eneo lile lina urefu wa sentimita 30 hivi, upana 15, na unene wa 8 au 9. Hilo ni tofali la kilo 7 hivi. Fundi hulishika kwa mikono miwili. Piga hesabu na viungo vyake vya chokaa, utaona mita moja ya ujazo ya ukuta inakula karibu matofali 180. Ukuta wa urefu wa mita 10, kimo cha mita 8 na unene wa mita moja, ukiujenga kwa matofali matupu, utahitaji zaidi ya matofali 14,000. Na huo ni upande mmoja tu, kabla hujafika kwenye dari wala mnara.

Kwa hiyo hawakujenga kwa matofali matupu. Walipandisha kuta mbili nyembamba, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati wakajaza vipande vya matofali yaliyovunjika na chokaa nyingi. Tofali lililoiva vizuri, gumu, lenye mlio safi ukiligonga, liliwekwa nje lipambane na mvua. Lililoiva nusunusu lilikwenda upande wa ndani, na yaliyovunjika yakawa kujazia. Ndani ya tanuri moja kulikuwa na matumizi ya kila tofali. Kwetu mara nyingi tofali bichi la pembeni mwa tanuri linajikuta kwenye ukuta wa nje, eti kwa vile limekwisha lipiwa, na mvua ya msimu wa tatu inaanza kulila. Hiyo ni sababu ya kwanza ya tofauti uliyoiona.

Sababu ya pili ni chokaa. Wao walichoma makombe ya baharini kutoka Bahari ya Wadden wakapata chokaa, kama mafundi wa mwambao wetu walivyochoma matumbawe. Chokaa hiyo, ikichanganywa na mchanga, hukauka taratibu sana na kubaki laini kidogo kuliko tofali. Watu wengi wanadhani ulaini huo ni udhaifu, kumbe ndio uliookoa majengo yale. Ukuta wa mita moja juu ya udongo laini lazima utacheza. Chokaa inakubali kucheza nao: inapasuka nyufa ndogondogo ambazo maji ya mvua huziyeyushia chokaa kidogo na kuziba tena. Na unyevu ukiingia ukutani, unatokea kwenye viungo, hautokei kwenye uso wa tofali.

Katika karne ya 20 mafundi wengi wa Ulaya walijaza viungo vya kuta kama hizo kwa saruji, wakiamini wanaziimarisha. Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu kwenye kuta nyingi. Saruji ni ngumu kuliko tofali la kale, inazuia maji yasitoke, maji yanabaki ndani ya tofali, na baridi kali ikija yanaganda na kutanuka. Uso wa tofali unabanduka kama ganda, na viungo vya saruji vinabaki vimechomoza peke yake. Uharibifu ambao karne saba za mvua hazikuufanya, saruji inaufanya ndani ya miaka 30. Ukirudi Njombe na mtu akakuomba ushauri juu ya kanisa la zamani la wamisionari lililojengwa kwa chokaa, tafadhali mkataze kabisa kulirashia saruji.

Nani alilipa? Wengi hudhani kila jengo kubwa la Zama za Kati lina mfalme au mtawala nyuma yake. Hapa sivyo. Nchi za Wafrisia za pwani ile hazikuwa na bwana mmoja wa kuwatawala. Kwa karne kadhaa wakulima wenye ardhi yao walijiamulia mambo, walichagua mahakimu miongoni mwao, na mashamba yalikuwa na haki ya kushiriki kumteua padri wa kijiji. Udongo uleule wa bahari uliokosa mawe ulikuwa na rutuba ya ajabu: ng'ombe walinenepa, siagi, jibini na ngozi vikauzwa nje, na mashua zikafika mbali. Kodi ambayo kwingineko ingepanda kwenda kwa mtawala ilibaki kijijini. Wakulima wale walipotaka kuonyesha wamefanikiwa, hawakujenga ngome, walijenga kanisa. Na jirani akimaliza lake, wewe huwezi kubaki na la mbao. Ndiyo maana ukipanda mnara wowote kule, siku ya anga safi, unahesabu minara mingine kila upande.

Tunajua mengi juu ya wakati huo kwa sababu ya mtu mmoja ambaye ningependa ulifahamu jina lake. Anaitwa Emo. Alizaliwa mwaka 1175 hivi, akasoma Oxford karibu na mwaka 1190, na anahesabiwa kuwa mwanafunzi wa kwanza kutoka nje ya Uingereza anayejulikana kwa jina katika mji ule. Alirudi akawa padri wa Huizinge, kijiji kilicho kaskazini zaidi ya Garmerwolde, kisha akaingia utawa na kuwa abate, yaani mkuu wa monasteri, wa Bloemhof kule Wittewierum. Alipogombana na askofu wa Münster, alifunga safari ya kwenda Roma kwa miguu, mwaka 1211, kumwona Papa. Aliandika kumbukumbu za miaka yake, na ndimo tunamosoma habari za mafuriko makubwa ya Januari 1219, bahari ilipovunja matuta na kuua watu wengi mno.

Menko, abate wa baadaye wa monasteri hiyo, aliendeleza maandishi hayo, na anasimulia ujenzi wa kanisa la monasteri yao: ulianza mwaka 1238 chini ya fundi mkuu Everardus kutoka Cologne, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1259. Miaka 21. Kanisa hilo halipo tena, lakini habari hiyo inatusaidia sana. Garmerwolde, ambayo haiko mbali na Wittewierum, ilijenga kanisa lake katika kipindi hichohicho, katikati ya karne ya 13. Fundi wa kutoka mbali akikaa zaidi ya miongo miwili mahali pamoja, vijana waliomchanganyia chokaa wanakuwa mafundi, na vijiji vya jirani vinawaajiri. Mitindo husafiri hivyo.

Mtindo wenyewe umekaa katikati ya Kiromaniki, wa kuta nene na matao ya mviringo, na Kigothi, wa matao yaliyochongoka, na wataalamu huupa jina linalounganisha yote mawili. Ulitamba kule kuanzia kama 1225 hadi karne ya 14. Ukirudi Garmerwolde, zunguka hadi upande wa mashariki, nyuma ya altare, usimame hatua 10 kutoka ukutani. Makanisa mengi ya wakati ule humalizikia kwa nusu duara upande huo. Hili lina ukuta ulionyooka, na fundi akautumia kuonyesha alichojaliwa. Utaona madirisha yaliyozungushiwa matofali yenye kingo za mviringo, yamepangwa moja juu ya jingine kama kamba nene inayolipamba dirisha. Pembeni kuna madirisha ya uongo, vishubaka visivyopenya ndani, na juu, kwenye pembetatu ya paa, matofali yamelazwa kwa mitindo mbalimbali ndani ya vishubaka vingine. Hakuna jiwe la kuchonga hata moja. Urembo wote ni tofali: namna linavyolazwa, linavyosimamishwa, linavyorudishwa ndani sentimita chache ili kivuli kifanye kazi ya mchongaji. Nenda asubuhi, jua likiwa chini. Mchana ukuta uleule unaonekana bapa.

Kisha ingia ndani uinue macho. Dari imejengwa kwa kuba za matofali, na kila kuba imepanda juu katikati kuliko pembeni. Hapa ndipo Münster inaporudi: kuba za namna hii zilikuja kutoka Westfalia, nchi ya askofu wao, na chimbuko lake la mbali zaidi ni magharibi mwa Ufaransa. Dari tambarare ya matao ya Kigothi, kama ya makanisa makuu ya Ufaransa, husukuma uzito wake kwenye pembe nne tu, na pembe hizo zinahitaji mihimili mikubwa ya kuziegemeza kwa nje. Kuba iliyopanda katikati hujengwa kwa pete za matofali, pete juu ya pete, na uzito wake hugawanyika kwenye kuta zote nne kwa usawa zaidi. Kwa ardhi isiyoaminika, huo ni uamuzi wa busara mno: hakuna pointi moja inayobeba kupita kiasi na kuzama peke yake. Zile mbavu za mviringo unazoziona zikikutana juu, katika makanisa mengi ya eneo hili hazibebi dari. Zimebandikwa kwa ajili ya urembo. Ganda lenyewe ndilo linalojibeba.

Kwenye kuba hizo kuna michoro ya mwanzoni mwa karne ya 16, ya matukio ya Injili na majani yanayopanda pembeni ya mbavu. Itazame taratibu. Wakati huo watu wengi wa kijiji hawakujua kusoma, na Misa ilikuwa kwa Kilatini.

Sasa mnara. Ulichokiona ni matokeo ya mambo mawili, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza ni kwamba kanisa la Garmerwolde lilikuwa na umbo la msalaba, na sehemu ndefu ya magharibi, walipokuwa wakikaa waumini, ilibomolewa mwaka 1859. Ilikuwa imechakaa, na kijiji hakikuona sababu ya kubeba gharama ya jengo kubwa kuliko mahitaji yake. Kilichobaki ni mikono ya msalaba na sehemu ya altare. Nyasi ulizokanyaga kati ya mnara na kanisa ndipo ilipokuwa sakafu ya waumini.

La pili ni kwamba kule minara mingi ilijengwa mbali na kanisa tangu mwanzo. Nenda Zeerijp au Noordbroek utaona. Sababu ni ile ile ya udongo. Mnara ni mzito sana kwa kila mita ya mraba. Kanisa ni jepesi kulinganisha nao. Juu ya mwamba tofauti hiyo haina madhara. Juu ya udongo mlaini mnara unashuka haraka kuliko kanisa, na kama vimeunganishwa, unaondoka na ukuta. Mafundi waliliona hilo na wakatenganisha. Walipounganisha, mara nyingine walijuta wajukuu zao: kule Bierum mnara ulihitaji kuegemezwa kwa tao kubwa la matofali linalotoka nje yake, na Bedum mnara umeinama kiasi kwamba wenyeji huufananisha na ule mnara ulioinama wa Pisa, Italia. Na isidhaniwe kwamba walijenga bila kufikiri msingi. Walichimba mitaro, wakaijaza tabaka za mchanga na udongo zilizoshindiliwa, mahali pengine na mawe makubwa yaliyoachwa na barafu ya kale. Walifanya kila kilichowezekana kwa mikono.

Mwaka 1594 mji wa Groningen ulitekwa na majeshi ya Maurits van Nassau, kiongozi wa vita wa Waprotestanti wa Uholanzi, ibada ya Kikatoliki ikapigwa marufuku katika mkoa mzima, na makanisa yote ya vijiji yakawa ya Kiprotestanti. Altare ziliondolewa, michoro ikafunikwa kwa chokaa, na mimbari ikawa ndiyo kitovu. Nasema kwa moyo mmoja kwamba chokaa ile ilikuwa bahati. Iliitunza michoro kwa karne tatu au zaidi, hadi warekebishaji wa karne ya 19 na ya 20 walipoifunua kwa visu vidogo, sentimita kwa sentimita. Wakati huohuo familia tajiri za mashambani zilijikusanyia haki za kuchagua mchungaji, zikajiwekea viti vya kifahari ndani ya kanisa, na kununua vinanda vya filimbi. Ndiyo maana vijiji vidogo kama Noordbroek na Uithuizen vina vinanda vya Arp Schnitger, mjenzi mashuhuri kuliko wote wa kaskazini mwa Ulaya, kimoja cha 1696 na kingine cha 1701. Krewerd ina kinanda cha mwaka 1531 ambacho bado kinapigwa. Usikose kukisikia, si mahali pengi duniani utasikia sauti ya chombo cha umri huo, katika chumba kilekile kilichowekwa.

Hukuuliza habari za gesi, lakini siwezi kuandika juu ya makanisa haya nikaiacha. Mwaka 1959 iligunduliwa chini ya mkoa huo, kilomita tatu hivi kwenda chini, moja ya hazina kubwa zaidi za gesi asilia duniani. Gesi ikitolewa, mwamba wa mchanga uliokuwa ukiibeba hubanwa, ardhi hushuka, na nyufa za kale za chini hutikisika. Matetemeko yalianza kusikika miaka ya 1990. Tarehe 16 Agosti 2012 lilitokea kubwa kuliko yote, la kipimo cha 3.6, na kitovu chake kilikuwa Huizinge, kijiji cha Emo. Tarehe 8 Januari 2018 likaja la 3.4 kule Zeerijp. Vipimo hivyo ukivisikia ukiwa Afrika Mashariki unaweza kuviona vidogo, lakini matetemeko haya yako karibu sana na uso wa ardhi, na udongo laini huongeza mtikisiko. Maelfu ya nyumba zilipata nyufa.

Makanisa yale yaliyovumilia mafuriko, vita na barafu sasa yakaanza kuumizwa na kitu ambacho mafundi wake hawakuwa na njia ya kukijua. Yanayoumia zaidi ni kuba, pembetatu za juu chini ya paa, na pale mnara unapogusana na kanisa. Busara ya kutenganisha minara imelipa tena baada ya miaka 700. Serikali iliamua mwaka 2018 kusitisha uchimbaji, visima vikaacha kutoa gesi Oktoba 2023, na Aprili 2024 sheria ikaufunga uchimbaji moja kwa moja. Hata hivyo ardhi iliyovurugwa haitulii siku moja, na matetemeko madogo yataendelea kwa miaka. Mimi naona ni deni. Utajiri uliotoka chini ya makanisa yale ulijenga nchi nzima, na ni haki kabisa kwamba nchi nzima iyagharamie.

Mengi yao, pamoja na hili la Garmerwolde, yako chini ya Stichting Oude Groninger Kerken, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1969 wakati vijiji vilipokuwa vinapoteza waumini na paa zinavuja. Leo inatunza makanisa takriban 100 na inashirikiana na kamati za wanakijiji wenyewe, ambao hufagia, hufungua milango, na kuandaa matamasha. Mtindo huu naupenda sana kwa sababu haulifanyi kanisa kuwa sanduku la makumbusho lililofungwa.

Ukirudi, chukua futi ya kupimia. Chagua sehemu ya ukuta ya zamani na upime kimo cha kozi 10, yaani mistari 10 ya matofali, pamoja na viungo vyake. Ukipata karibu mita moja, umegusa karne ya 13. Ukipata sentimita 60 hivi, hayo ni matofali ya nyakati zetu, kiraka cha fundi wa juzi. Vipimo vya katikati ni vya karne za katikati, kwa kuwa matofali yalizidi kupungua unene kadiri miaka ilivyokwenda. Kwa njia hiyo utausoma ukuta wenyewe: hapa palikuwa na mlango ukazibwa, hapa dirisha lilipanuliwa ili mhubiri apate mwanga, hapa pembe ilibomoka ikajengwa upya. Angalia hasa ukuta ule wa magharibi, pale sehemu ya waumini ilipokatwa mwaka 1859. Tofauti ya matofali itajionyesha yenyewe. Tazama pia vitundu vya mraba vilivyopangwa kwa mstari kwenye baadhi ya kuta za makanisa haya: humo ndimo zilimochomekwa mbao za jukwaa la mafundi.

Kanisa likiwa limefungwa, soma tangazo lililobandikwa mlangoni. Kwa kawaida huandikwa nyumba ya jirani anayetunza ufunguo. Bisha hodi, jieleze, na mwombe akuwashie taa za kwenye kuba. Ukishapima kozi zako, niandikie vipimo ulivyopata na upande wa ukuta ulipopimia, tuendelee.